Niliwaambia waje na flight ya siku ile ile ya meli, na sababu yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari za kutwa, habari zenu.

Juzi kuna member aliuliza hapa: ana safari ya meli ya kitalii inayoondokea Mombasa. Je, apande ndege Nairobi asubuhi ya siku ile ile, au aje siku moja kabla alale?

Nimesoma majibu yenu yote. Nusu mnasema aje siku ile ile, kulala ni kujitia gharama bure. Nusu mnasema asithubutu. Mmoja akaandika kwamba kutoka airport mpaka bandarini ni pua na mdomo.

Wakuu, maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, hivyo hivyo yalivyo.

Nilianza kumjibu pale pale kwa mistari miwili, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu mwenyewe, niseme kitu ambacho mwaka mzima nimekuwa nikikisema nusu. Sitaongeza chumvi wallahi, kwa sababu hii haihitaji. Mkimaliza mtaelewa kwa nini nimeingia na ID ambayo hata mke wangu haijui.

Haya, kaeni vizuri.

Mimi ni mtu wa Likoni, na nyumba ninayoishi ni ya Mama. Ukishuka feri ukapanda ule mteremko, unatembea dakika kumi hivi, umefika.

Mama alikuwa akiuza viazi karai pale juu ya mteremko wa feri. Miaka ishirini na kitu. Wengine mliosoma upande wa kisiwani huenda mlikula viazi vyake na ukwaju mkirudi jioni, sitataja jina.

Wasiojua Likoni niwaeleze kitu kimoja, maana mbele kina kazi. Meli kubwa ikiwa inaingia bandarini au inatoka, lazima ipite pale pale feri inapovukia. Kwa hiyo feri husimama, na watu wa ng'ambo zote mbili hungoja mpaka ipite. Sheria ni hiyo tangu nipate akili.

Kwa wauza vyakula huo ndio wakati wa kuuza, kwa sababu watu wamekwama na njaa inawauma. Lakini Mama, ikiwa ni meli ya watalii, aliacha karai lake motoni, akachomoa leso begani na kuwapungia wale watu walio juu. Nao wakampungia. Akirudi viazi vimeungua, wateja wanateta, yeye anacheka.

"Iko siku na mimi nitakuwa juu kule," alikuwa akisema. "Niwapungie nyinyi mlio chini na karai lenu."

Sisi tulichukulia ni mzaha. Aliyeweka moyoni ni Dada Mishi peke yake.

Dada Mishi ndiye mkubwa wetu, ni muuguzi Nairobi. Magoti ya Mama yalipozidi alimchukua akakae naye ili apate matibabu karibu. Miaka mitatu iliyopita hiyo. Mama aliondoka na begi moja tu. Chumba chake akakifunga kama kilivyo, na kitanda chake na sanduku lake la mbao, halafu ufunguo akanitia mkononi mimi.

"Nitunzie," akasema.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akinipigia. Mazungumzo yetu yalikuwa yale yale. Nitamwamkia, ataitikia marahaba, ataniuliza watoto, ataniuliza mke wangu, halafu mwisho:

"Na chumba changu kizima?"

"Kizima, Mama. Jana tu nimekipiga deki."

Sasa wakuu, hapa ndipo aibu inapoanzia.

Chumba kilikuwa na kuku.

Nilianza na vifaranga hamsini, nikijiambia ni wiki sita tu, wakikua nauza nasafisha. Banda nilikuwa sijajenga, na chumba kile kilikuwa kikavu na kina mlango wa kufunga. Nikatoa kitanda nikakisimamisha nyuma ya nyumba chini ya mabati. Nikamwaga maranda sakafuni. Kundi la kwanza lilikwenda vizuri, basi nikaleta mia, kisha mia na hamsini. Mke wangu alinikataza tangu siku ya kwanza. Aliniambia, "Chumba cha mama mzaa chema unakifanya banda? Mimi simo." Na hakuwemo kweli, hata kuwapa maji alikataa.

Kila nikisema kundi hili ndilo la mwisho, linakuja lingine. Na kila Ijumaa nampigia Mama deki ya mdomo.

Mwaka jana, msimu wa meli za watalii ulipokaribia, Dada Mishi akatupia picha kwenye group ya familia. Amemkatia Mama safari ya meli, wao wawili, siku tano, kuanzia hapa hapa Mombasa kwenda Unguja na visiwa vya mbele. Alikuwa akijibana kwa muda mrefu bila kumwambia mtu. Mama alituma voice note, kucheka tupu, hakuna neno hata moja linalosikika. Nimeihifadhi mpaka leo.

Halafu Dada akaandika: "Agent amesema geti linafungwa saa tisa u nusu, meli inaondoka saa kumi. Ameshauri tuje siku moja kabla. Tutalala nyumbani, Mama alale chumbani kwake, kesho yake twende taratibu."

Nilisoma ule ujumbe nikiwa nimeshika ndoo ya chakula cha kuku.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeuza wale kuku, angepiga deki ya kweli, angerudisha kitanda. Muda ulikuwepo, karibu wiki tatu. Lakini kuku walikuwa bado hawajafikia kuuzwa, na harufu ya kuku, wakuu, haitoki kwa wiki tatu, inaingia mpaka kwenye chokaa ya ukuta. Nikaona njia fupi ni wasilale.

Nikaandika: "Ya nini kujisumbua? Njooni na ndege ya asubuhi siku ile ile. Airport na bandarini ni pua na mdomo. Mimi nipo na gari, nitawapokea."

Dada akajibu: "Ndege ikichelewa?"

"Ya asubuhi mapema haichelewi. Hata ikichelewa saa tatu nzima bado mtawahi."

Halafu akasema basi labda wachukue chumba hotelini, kuna moja huku Shelly Beach aliiona ni ya bei ya kawaida, walale hapo usiku mmoja.

Wakuu, hapo nilijifanya nimeumia. Mnajua kwetu mambo yalivyo. Mama yako mzazi apite Likoni alale hoteli na wewe una nyumba, tena nyumba yenyewe ni yake? Watu watasemaje? Nikaandika ujumbe mrefu. Eti mnataka kunivua nguo mbele ya watu? Eti Mama alale kwa wageni na mimi mwanawe nipo hai?

Mama mwenyewe akaingilia: "Mishi, usimvunje moyo ndugu yako. Tuje siku ile ile kama asemavyo."

Kwa hiyo hoteli nikaikataa kwa sababu nyumba ipo, na nyumba nikaikataa kwa sababu ndege ya asubuhi ipo. Nikabaki nimeshinda pande zote mbili. Nakumbuka niliweka simu chini nikajisikia mjanja.

Sikuishia hapo. Kwa kuwa nilikuwa nimewanyima usiku mmoja, roho ilinisuta, nikataka kulipa kwa mchana. Nikasema watapita nyumbani kwanza, majirani wamwombee Mama dua ya safari, ale pilau, ndipo nimpeleke bandarini. Na nisiseme uongo hapa, nilitaka pia mtaa uone. Mwanamke aliyekuwa akiuza viazi feri anapanda meli ya kitalii, na mimi ndiye ninayemsindikiza.

Siku yenyewe ikafika.

Ndege iliyokuwa itue saa mbili u nusu ilitua saa nne. Delay ya kawaida tu, si ya kumlaumu mtu. Dada Mishi alitoka akitazama saa yake kabla hajanisalimia. Mama alitoka nyuma yake akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, buibui jipya, miwani ya jua mtu amempa huko Nairobi. Nilimwamkia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, mbele ya watu wote wale.

Dada akasema, "Twende moja kwa moja bandarini. Tutakula huko huko ndani."

"Pilau ishapikwa, Dada. Bi Riziki na wenzake wamekaa wanamngoja. Mama ataondokaje bila kuombewa?"

Bi Riziki ni jirani yetu, alikuwa akiuza mihogo ubavuni mwa Mama pale pale feri.

Mama akafurahi kusikia jina hilo. Mambo yakaisha. Nikawapitisha barabara ya Dongo Kundu ili nisipande feri, nikijisifia njia nzima jinsi barabara mpya ilivyoturahisishia. Saa tano na robo tuko nyumbani.

Nilikuwa nimejipanga. Turubai nje uani, viti nje, chakula nje, mtu asiwe na haja ya kuingia ndani. Kwenye dirisha la sebule nikaweka spika, kaswida zikipigwa kwa sauti ya kutosha kufunika kilio cha kuku. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfuko wa suruali, upande wa kulia. Nilikuwa nikiupapasa kila baada ya dakika mbili.

Dua ilikwenda vizuri. Watu wakalia kidogo, wakacheka sana. Bi Riziki akamwambia Mama, "Ukifika juu kule utupungie, tutakuwa pale pale petu tunakungoja." Mama akasema atawapungia mpaka mkono ung'oke.

Saa saba u nusu nikatangaza safari. Mabegi yakaingia garini.

Mama akainuka kwenye kiti, akaja kwangu taratibu na fimbo yake.

"Mwanangu, hebu nifungulie chumba nitwae leso yangu."

Nikaupapasa ufunguo.

"Leso gani, Mama? Si una leso hapo begini?"

"Hizi za Nairobi si zangu. Nataka kisutu changu kilicho sandukuni. Ndicho nitakachowapungia."

Kile kisutu ni leso ya harusi yake. Alipewa na mama yake, doti nzima, vipande viwili. Kipande kimoja alimbebea Dada Mishi mgongoni mpaka kikaisha. Kile cha pili hakukivaa tena, alikiweka.

Nikamwambia ufunguo sijui nimeuweka wapi.

Wakuu, sikuwa nimepanga uongo huo, ulitoka wenyewe. Na ukishatoka inabidi uulishe. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta. Nikafungua makabati, nikainua magodoro, nikapekua mpaka mifuko ya shule ya watoto. Nilitoka nje kutafuta garini nikarudi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono kifuani, ananitazama tu. Ufunguo ulikuwa ukinichoma paja.

Nilitumaini Mama atasema basi, twendeni. Hakusema. Aliketi akangoja. Alikuwa na imani kwamba nitaupata, ndiyo maana hakuwa na haraka.

Dada akaanza kuhesabu muda kwa sauti. Saa nane. Saa nane na robo. Nikamwambia Mama leso nitamnunulia nyingine njiani, akanitazama kama sijamwelewa.

Halafu kaswida zikakatika. Umeme ulikwenda, kama unavyokwenda siku zote.

Kukawa kimya uani, na ndani ya kimya hicho tukasikia kuku mia na hamsini.

Dada Mishi ndiye aliyefuata sauti. Aliweka sikio mlangoni, akanigeukia, akanyoosha kiganja. Nikatoa ufunguo mfukoni nikampa, mbele ya mke wangu, mbele ya Mama ambaye alikuwa ameshafika nyuma yetu na fimbo yake.

Nimepitia mambo kadhaa katika maisha haya. Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu. Sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia sekunde ile mkono wangu ukitoka mfukoni.

Mlango ulifunguka, ile harufu ikatoka yote kwa pamoja. Dada alishika mdomo akarudi nyuma. Mama aliingia. Alisimama katikati ya chumba chake kwenye maranda, kuku wakikimbia huku na huku miguuni mwake, akazungusha macho polepole. Pale kitanda kilipokuwa palikuwa na vyombo vya maji.

"Hawa wana wiki ngapi?" akaniuliza.

"Nne, Mama."

"Wamebanana. Uwape nafasi."

Basi. Hayo tu. Ningependa angenipiga na ile fimbo.

Kisha akatazama dirishani, na mimi ndipo nilipokumbuka. Wiki ya mvua kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika, upepo ukawa unaua vifaranga. Nilifungua sanduku nikachomoa kitambaa cha juu kabisa nikakipigilia misumari pale. Sikukitazama hata rangi. Kilikuwa ni kile kisutu.

Mama alikisogelea akakishika upindo. Dada Mishi aliking'oa msumari mmoja mmoja, analia, hataki nimsaidie. Kilikuwa kimetoboka pembeni, na chini chote ni mavi ya kuku.

Nilisema, "Mama, twende, tutachelewa."

Akasema, "Siwezi kupanda nayo meli ikinuka." Akaenda bombani nyuma ya nyumba, karibu na kitanda chake kilichosimamishwa chini ya mabati. Akakaa kwenye kigoda akaifua. Kwa sabuni ya kipande, taratibu, jinsi anavyofua yeye, mara tatu. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mimi nilikuwa na mdomo gani?

Tulitoka nyumbani saa tisa kasoro dakika kumi.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini sikurudi Dongo Kundu. Kwa saa ile, uzunguke mpaka upande wa Changamwe, uingie kwenye foleni ya matrela, urudi tena kisiwani, hufiki. Bandari yenyewe iko ng'ambo ya maji tu, ukisimama feri unaiona. Feri ndiyo ilikuwa njia. Na kwa kutembea tungevuka upesi, lakini kwa magoti ya Mama na msongamano ule haikuwezekana, ilibidi tupange foleni ya magari.

Foleni ilikuwa ya kawaida, nasisitiza hapo. Si ndefu kuliko siku nyingine. Mtu aliyetoka kwake saa saba u nusu angeshavuka, ameshafika na amekaa.

Agent alimpigia Dada saa tisa na dakika ishirini. "Mko wapi?" Saa tisa u nusu akapiga tena. Saa tisa na dakika arobaini akapiga mara ya mwisho, na Dada alisikiliza tu, akasema asante, akaweka simu mapajani. Geti limefungwa. Kujiunga nayo mbele Unguja pia haiwezekani, kwa tiketi ile.

Niliwasha indicator nitoke kwenye foleni turudi nyumbani. Mama akanishika bega.

"Ngoja kwanza."

Feri ilikuwa imesimama ng'ambo, haiji. Watu walikuwa wameanza kujipanga kando ya mteremko, kama wanavyofanya siku zote meli ikiwa inakuja.

Mama alifungua mlango akashuka. Nilimkimbilia nimshike, akakubali mkono wa Dada, si wangu. Alitembea mpaka pale kwenye kingo, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa akiweka karai lake. Bi Riziki na wale wanawake watatu waliokuwa kwenye dua walikuwa wameshafika, wamesimama na leso zao wanangoja kupungiwa. Walipomwona Mama yuko chini pamoja nao, wakazishusha leso zao.

Halafu ikatokea. Nyeupe, ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, ikipita polepole karibu kabisa. Watu wamejaa juu kwenye kingo zake na vinywaji mkononi.

Mama alitoa kile kisutu, bado kimelowa, akakikung'uta. Akainua mkono akawapungia.

Nao wakampungia. Si mmoja, ni wengi, upande mzima. Kuna mwanamke mmoja mzee mwenye kofia alipunga kwa mikono yote miwili.

Mama alipunga mpaka meli ikageuka kuelekea bahari kuu. Kisha akaikunja ile leso mara nne akamgeukia Bi Riziki.

"Feri," akasema. "Feri ndiyo iliyotukwamisha, Bi Riziki. Foleni ilikuwa kubwa."

Akanitazama mara moja tu, akarudi garini.

Wakuu, nimeishi ndani ya sentensi ile mwaka mzima.

Kila aliyeuliza aliambiwa feri. Mashemeji feri. Imamu wa msikiti wetu alinipa pole, nikapokea. Mama anawaambia kabla sijafungua mdomo, na mimi naitikia kwa kichwa. Na pale feri inapolaumiwa watu huongeza malalamiko yao, mtu haulizwi zaidi. Naomba mjue, siku ile feri haikuwa na kosa lolote.

Dada Mishi alirudi Nairobi peke yake baada ya siku tatu. Mama alikataa kurudi. Alisema anakaa chumbani kwake. Kuku niliwaondoa usiku ule ule, nikakwangua kuta, nikapaka chokaa mara mbili, nikarudisha kitanda. Mvua zikinyesha harufu inarudi. Nikimuuliza anasema haisikii.

Nilimwambia nitajitahidi nimkatie safari nyingine mimi mwenyewe. Akasema, "Magoti haya hayapandi tena ngazi za meli, mwanangu. Usihangaike." Daktari anasema hivyo hivyo.

Kwenye group ya familia Dada huwasalimu watu wote kwa majina. Mimi ananiruka. Sijamuuliza kwa nini.

Mwezi uliopita tulikuwa barazani, mgeni wa Bi Riziki kutoka Jomvu Kuu akasikia habari za ile meli, akamuuliza Mama ilikuwaje. Mama akasema feri. Nilikuwa nimekaa hapo, umbali wa mkono. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno: si feri, ni mimi. Nikanywa chai.

Ndiyo maana naandika huku. Kwa watu nisiowaona nimeweza. Nyumbani bado, na kila Ijumaa nikitoka msikitini najiambia leo nitasema mbele ya Bi Riziki, mbele ya wote, halafu nafika mlangoni namkuta Mama anacheka na watu, nanyamaza.

Sasa nimjibu yule member, kwa sababu aliuliza swali la maana.

Mkuu, usije siku ile ile. Ndege itachelewa kidogo, begi litachelewa kidogo, mtu atataka leso yake. Meli haina mama wala jirani wa kumngoja. Njoo jana yake, ulale, uamke, unywe chai, utembee mpaka getini.

Na kama una mwenyeji Mombasa anayekung'ang'ania uje asubuhi hiyo hiyo, hataki ulale kwake na hataki ulale hoteli, usibishane naye kuhusu ndege. Muulize chumbani kuna nini.

Nimemaliza wakuu. Semeni mnachotaka, sitajitetea. Ila kama kuna aliyewahi kutubu mbele ya mtaa mzima akabaki amesimama, anieleze alianza na neno gani, maana kesho ni Ijumaa.